Kipandikizi kimegoma: kusoma dalili na kutafuta chanzo kwa mimea ya ndani, Lamu

Kipandikizi kikifa, lawama ya kwanza huangukia mkono: fulani ana mkono wa kupanda, fulani hana. Kwa mimea ya ndani hapa kisiwani, mara nyingi mkono hauna hatia. Wenye hatia ni maji ya kisima, mchanga wenye chumvi, joto la Kaskazi na upepo wa darini (orofa ya juu iliyo wazi), na kila mmoja wao huacha alama yake.

Kwa hiyo kabla ya kutupa, ng'oa kipandikizi, kisuuze, kisha tazama kitako chake, yaani ile ncha ya chini uliyoikata. Kitako cheusi kinachobonyea na kunuka kimeoza. Kitako cha kahawia, kikavu, kilichosinyaa, kimekosa maji. Kitako kigumu, cheupe au chenye uvimbe wa rangi ya krimu, bado kinafanya kazi. Kirudishe upesi na usikiguse tena wiki nzima. Tiba za hali hizi hazifanani hata kidogo, na kukimwagia maji zaidi kilichokwisha kuoza ni kukizika.

Yanayofuata yanachukulia kwamba ulianza vizuri: tawi la sentimita 10 hadi 15 lenye vifundo 2 hadi 4 (vile viungo vya shina ambapo majani hutokea), lililokatwa asubuhi mapema kabla jua halijalichosha, kwa wembe uliofutwa kwa spiriti, nusu sentimita chini ya kifundo, na majani yote ya chini yameondolewa. Kama hapo palikosewa, anza upya. Hakuna dawa ya kurekebisha tawi lililopondwa kwa mkasi butu.

Ujue pia muda wa kila mmea, maana wengi huhangaikia kipandikizi ambacho hakijachelewa. Tradeskantia na mrehani hutoa mizizi majini kwa muda wa wiki moja. Koleasi ni siku 7 hadi 10. Pothosi, ile itambaayo yenye majani ya umbo la moyo, ni wiki 1 hadi 3. Krotoni na mwasumini huchukua wiki 4 hadi 6, na drasena wiki 3 hadi 8. Bogenvilia inaweza kukukalia kimya hata miezi 2 na zaidi.

Kitako cheusi, laini, chenye harufu

Huu ndio ugonjwa mkuu wa Pwani. Vimelea vya jamii ya Pythium na wenzake husambaa majini, na huzidi nguvu maji yakipata joto na kupungukiwa hewa. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5. Chupa iliyoachwa dirishani linapopigwa na jua la saa tisa alasiri, mwezi wa Februari, hupita nyuzi 30 bila shida. Kitako nacho kinapumua. Kikikosa hewa, seli zake hufa, na seli zilizokufa ndizo chakula cha vimelea.

Anza kwa kutafuta jani lililozama. Jani likikaa ndani ya maji huoza kabla ya shina na kuliambukiza, kwa hiyo kuhusu usawa wa maji pasiwe na mashaka: chini yake ni shina tupu. Kisha pima kina. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha, kifundo kimoja au viwili vizame basi. Kujaza chupa mpaka shingoni ni kuloweka shina lisilohitaji kulowekwa. Badili maji kila baada ya siku 3, na wakati wa Kaskazi, Disemba hadi Machi, kila baada ya siku 2. Kila ukibadili, pitisha kidole gumba kwenye shina uondoe ule utelezi, na usugue chupa yenyewe ndani. Watu hubadili maji wakaacha utelezi umeshika kioo, kisha wakashangaa uozo unarudi.

Baada ya hapo fikiria mahali. Nyumba za mawe zina faida hapa: kuta nene za matumbawe na chokaa hukaa baridi, na kiwanda cha ndani, yaani ua wa katikati ya nyumba, kina mwanga mwingi usio na jua kali kwa sehemu kubwa ya siku. Chupa ikae huko, isikae darini. Kama huna kiwanda, itumbukize chupa ndani ya chungu cha udongo kisichopakwa rangi, chenye maji kidogo, ukilowesha chungu kwa nje asubuhi na adhuhuri. Maji yanapokauka juu ya udongo huondoka na joto, kama ilivyo kwa mtungi wa maji ya kunywa. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, mbinu hii hupungua nguvu.

Kuokoa kilichooza: kata juu ya weusi mpaka uone nyama safi, na ufute wembe kwa spiriti kila baada ya mkato. Ukiona duara la kahawia katikati ya shina, bado hujafika. Kata juu zaidi. Vikibaki vifundo pungufu ya viwili, tupa. Vikibaki viwili au zaidi, acha shina likauke kivulini kwa saa moja au mbili, halafu lianze kwenye maji mapya na chombo kipya.

Uozo ukitokea kwenye udongo badala ya maji, mshtakiwa ni udongo wenyewe. Udongo wa bustani hushikana, na samadi ya punda, ambayo hapa haina bei na iko kila mtaa, ikiwa mbichi ina joto, amonia na chumvi za kutosha kuunguza kitako. Samadi ina kazi yake baadaye, ikishaoza miezi 3 au zaidi, sehemu 1 kwa sehemu 5 za udongo. Kwenye kuotesha mizizi isiwemo kabisa. Tumia sehemu 2 za mchanga wa chembe kubwa, milimita 1 hadi 3, na sehemu 1 ya unga wa makumbi. Mwagia mchanganyiko huo maji ya moto yaliyochemka, uuache uchuje na upoe. Chombo kiwe na kina cha sentimita 10 na matundu 4 hadi 6 chini. Kipimo cha unyevu ni kiganja: kamua konzi moja kwa nguvu; tone moja au mawili ni sawa, yakitiririka umezidisha.

Mimea yenye utomvu mweupe au shina nono ina sheria yake. Fikasi suuza utomvu kwa maji mpaka uache kutoka, ndipo upande. Waridi la jangwani na jamaa za mnyaa zikauke kivulini siku 3 hadi 7 mpaka kitako kifunge kigaga kigumu, na wakati wa masika ongeza siku kadhaa. Usiziweke ndani ya maji, na usizifunike kwa plastiki. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu kali, wa mnyaa huunguza macho, na wa difenbakia huwasha mdomo na ngozi. Vaa glavu na weka mbali na watoto.

Ncha za majani zimekauka kahawia, kitako ni kizima

Hapa ndipo visima vyetu vinapojitokeza. Kisiwa kinategemea maji matamu yaliyokaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, na kisima kikivutwa sana, au kikiwa karibu na ufuo, chumvi hupanda. Mtu anaweza kuyazoea maji hayo kwa kuoga na kufua, hata kwa chai. Kipandikizi hakina mizizi ya kuchuja chochote: kinayavuta maji kwa kitako moja kwa moja, maji hutoka majanini yakawa mvuke, chumvi ikabaki kwenye ncha. Ndiyo maana kingo na ncha huungua kwanza, huku katikati ya jani ni kijani.

Pima hivi. Weka kijiko kimoja cha maji yako kwenye kipande cha kioo au kisahani cheusi, yaache yakauke. Ukiona ukoko mweupe, dondoshea tone la siki au ndimu. Ukichemka kwa vipovu, sehemu yake kubwa ni chokaa. Usipochemka, na ukayeyuka upesi kwa tone la maji ya mvua, ni chumvi. Mara nyingi ni vyote viwili.

Kipimo kingine hakihitaji kioo. Chukua vijiti viwili vya mrehani kutoka mti mmoja, visivyochanua. Kimoja kiweke kwenye maji ya kisima, kingine kwenye maji ya mvua, bilauri zifanane, zikae mahali pamoja. Mrehani ni mwepesi mno wa kutoa mizizi. Ikifika siku ya kumi wa mvua una mizizi na wa kisima hauna, umeshapata jibu, na huna haja ya kuilaumu krotoni yako. Yote miwili ikishindwa, rudi kwenye joto na uozo.

Tiba ni maji mengine. Kuchemsha hakuondoi chumvi, huizidisha, kwa sababu maji hupungua na chumvi inabaki. Kinga maji ya masika kutoka bati, lakini robo saa ya kwanza ya mvua iache ipite, maana ndiyo inayoosha vumbi na chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanafaa pia, ilimradi ndoo ni safi. Usipopata ya kutosha, changanya nusu kwa nusu na ya kisima. Kwa pothosi na mkonge wa ndani nusu hiyo mara nyingi inatosha, kwa krotoni na mwasumini jitahidi upate ya mvua tupu.

Chumvi huingia pia kwa njia mbili ambazo watu hawazitazami. Ya kwanza ni makumbi. Makumbi yanayotengenezwa kamba hulowekwa kwenye tope la pwani, na unga wake huja na bahari ndani. Uloweke kwenye maji matamu usiku kucha, ukamue, umwage, urudie mara 2 au 3. Ya pili ni mchanga wa ufuoni. Osha hata mara kumi, utatoa chumvi, lakini vipande vya kombe na matumbawe vitabaki, na hivyo ni chokaa tupu. Siki itakuonyesha: mchanga unaochemka usiutumie. Nunua mchanga wa mto kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi, uuoshe mpaka maji yatoke safi. Matuta ya mchanga ya Shela yaache. Ndiyo yanayopokea mvua na kuitunza kwa visima vya kisiwa.

Majani yamelegea siku mbili za kwanza

Kulegea alasiri na kusimama tena alfajiri si tatizo. Kulegea na kubaki hivyo ni hesabu isiyolingana: majani yanatoa maji mengi kuliko kitako kinavyovuta. Bakisha majani 2 au 3, na yale mapana ya krotoni au monstera yakate nusu kwa upana. Ondoa maua na machipukizi yote. Kisha zuia upepo. Darini chini ya makuti ni pazuri kwa kulala, ila pepo za Kusi hapo hukausha jani kabla ya adhuhuri.

Funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ukiegemezwa kwa vijiti usiguse majani, na ufungue dakika 10 asubuhi na jioni. Jua lisiuguse mfuko huo hata nusu saa, maana ndani yake joto hupanda haraka na majani huiva. Majani yaliyoiva hulegea vilevile, lakini yana rangi ya mboga iliyochemshwa. Ukiona hiyo, usiongeze maji, ondoa jua.

Kama tawi lilikaa nje muda mrefu baada ya kukatwa, hewa huingia kwenye mirija yake. Kata tena sentimita moja, safari hii chini ya maji, uliingize kwenye chombo bila kulichelewesha.

Wiki sita, majani mazuri, mizizi hakuna

Kwanza hakikisha tawi lina kifundo. Jani la pothosi lenye kikonyo tu, bila kipande cha shina, linaweza kukaa kijani miezi, hata likatoa mizizi, lakini halitachipua kamwe kwa sababu halina jicho. Wauzaji wengine huyauza hivyo, na mnunuzi hupoteza mwaka mzima akisubiri.

Pili, hakikisha hukulipindua. Vipande vya drasena vilivyokatwa katikati ya shina havina juu wala chini kwa macho, na kikiwekwa kichwa chini hugoma. Kata chini mshazari na juu sawasawa tangu mwanzo, usikosee tena.

Ukikuta uvimbe mkubwa mgumu kitakoni bila mzizi hata mmoja, shuku chokaa iliyo kwenye mchanga au maji. Kwaruza uvimbe kwa wembe pande mbili, hamishia kwenye mchanga usiochemka kwa siki. Kama kitako ni kizuri na kila kitu ni sawa, huenda tawi lilikuwa na maua au limezeeka. Kwa mwasumini na bogenvilia chagua tawi la unene wa penseli, ambalo limeanza kuwa gumu lakini likipindwa bado linaitika.

Unga wa homoni wa duka la pembejeo husaidia miti migumu. Soma kipimo cha IBA, ile homoni ya kuotesha mizizi: asilimia 0.1 hadi 0.3 kwa mashina laini, 0.3 hadi 0.8 kwa magumu. Chovya sentimita 1 tu, kung'uta, na tengeneza tundu kwa kijiti kabla ya kuingiza ili unga usibaki juu. Kopo lililokaa kaunta yenye joto mwaka mzima huwa limechoka. Pothosi na tradeskantia hazihitaji chochote. Asali haina homoni ya mizizi. Maji ya dafu nayo yana sukari inayolisha vimelea, na homoni zake zinazojulikana zaidi ni za kuchochea machipukizi, yanywe.

Machipukizi yametoka, kisha yakafa ghafla

Bogenvilia ndiyo bingwa wa udanganyifu huu. Tawi lina akiba ya chakula, huchipua kwa akiba hiyo kabla mizizi haijaanza, na akiba ikiisha kila kitu huanguka kwa siku moja. Ukiona machipukizi mapema, usitie mbolea wala usihamishe. Vuta taratibu: kikikataa kung'oka, kina mizizi. Kikija kwa urahisi, punguza machipukizi yabaki mawili, urudishe kivulini.

Majini kilishamiri, udongoni kimekufa

Mizizi iliyoota majini ni laini na haijazoea kutafuta maji kati ya chembe. Hamisha ikiwa na sentimita 3 hadi 5. Ikishafika sentimita 15 na kujisokota, hukatika wakati wa kupanda. Sufuria ya kupandia iwe ya sentimita 8 hadi 10 upana. Kubwa zaidi hushika maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Siku 10 hadi 14 za kwanza weka udongo ukiwa na unyevu wa kudumu, kisha anza kuacha sentimita ya juu ikauke kati ya kumwagilia. Mbolea isubiri jani jipya la pili.

Majani mapya yakiwa ya manjano huku mishipa yake ni kijani, ni upungufu wa chuma unaoletwa na chokaa: ama mchanga wa matumbawe, ama lipu ya ukuta inayobanduka na kuangukia sufuriani. Ondoa chanzo, nyunyizia mbolea ya chuma ya kuchanganya na maji kwa kipimo cha pakiti, jioni.

Wadudu, mbu na paka

Pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Vifute kwa pamba yenye spiriti, kisha nyunyiza mililita 5 za sabuni ya maji kwa lita 1, urudie kila wiki kwa wiki 3. Utando mwembamba na vidoadoa vya manjano wakati wa ukame ni utitiri. Osha chini ya majani kwa maji. Visubi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa sufuria vinakwambia udongo umelowa mno.

Chupa za vipandikizi ni mazalio ya mbu, wakiwemo wanaoeneza dengi. Kubadili maji kila siku 2 au 3 huwamaliza kabla hawajaruka. Ukisafiri, funga mdomo wa chupa kwa kitambaa kuzunguka shina. Wazee walitia visamaki kwenye birika, yaani tangi la maji la nyumbani, kwa kazi hiyo, lakini bilauri haina nafasi ya samaki.

Na kama kila asubuhi unakuta vipandikizi vimelala kando, mchanga umefukuliwa, kitako ni kizima kabisa, usitafute ugonjwa. Ni paka. Mchanga mlaini uliooshwa vizuri ndio choo wanachokipenda. Funika sufuria kwa waya wa matundu uliokatwa kupisha mashina, au simika vijiti vya makuti kila sentimita 4, na urudishe vipandikizi kabla kitako hakijakauka.